Jina Chini ya Jalada

Mzigo ulifika Bondeni, mtaa wa mji wa Nakuru, ndani ya gunia la unga, Jumanne moja ya mwezi wa Machi mwaka 1956. Aliyeuleta alikuwa mwalimu wa kanisa kutoka Sachangwan, Micah Kosgei, mtu mrefu mwenye koti lililofifia mabegani, na alikuwa ameupakata tangu kwao kama mtu anavyopakata mtoto mwenye homa. Njiani basi lilisimamishwa mara mbili. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari wakitafuta bunduki hata ndani ya vibuyu vya maziwa. Mara zote mbili gunia lilifunguliwa, likachunguliwa, ikasomwa barua ya mama mmoja Mzungu aliyetoa kitabu kilichokuwamo, kisha likafungwa.

Fundi Shariff Omari aliondoa kopo la gundi mezani, akatandaza kitambaa safi, akamwomba mwalimu auteremshe mzigo wake polepole.

Shariff alikuwa mtu wa Siyu, kule kisiwani Pate, katika ukoo uliojalidi misahafu kwa vizazi vingi. Alikuja Nakuru akiwa kijana, kwa nia ya kukaa mwaka mmoja, na sasa alikuwa na miaka hamsini na mitano na kaburi la mtoto mmoja katika mji huo. Kazi iliyomlisha ilikuwa madaftari ya maofisi na vitabu vya nyimbo vya makanisa, na mara mojamoja msahafu uliochakaa msikitini. Madaftari hayakumpa raha. Alizoea kumwambia mkewe Hadiya kwamba daftari halina haya: ukilishona vibaya halikusuti, na ukilishona vizuri halikushukuru.

Alipolifunua gunia, alifuta mikono yake kabla ya kugusa.

Kitabu kilikuwa kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na kizito kama jiwe la kusagia. Mbao za jalada zilifunikwa ngozi ya ndama iliyogeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa sana. Kati ya vifungo viwili vya shaba, kimoja kilibaki. Ngozi ya mgongo ilikuwa imekwenda, jalada la mbele lilining'inia kwa kamba moja, na wadudu walikuwa wametoboa njia zao kutoka dibaji mpaka karibu na katikati. Lakini karatasi! Shariff aliinua ukurasa mmoja kuelekea mwanga wa mlango. Ilikuwa karatasi ya matambara ya kitani, nzito, na wino umekaa juu yake mweusi kama jana. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwaka: 1698.

Micah alieleza alivyojua. Kilikuwa kitabu cha historia ya Kanisa tangu siku za mitume, kwa Kiholanzi, na kilikuwa mali ya Mama Hesta, mjane wa Kikaburu mwenye shamba lililopakana na kanisa lao. Micah mwenyewe alizaliwa katika shamba hilo. Watu wa Mama Hesta walikitoa kusini mwa Afrika mwaka 1908, wakaja nacho kwa meli hadi Mombasa, kwa gari la moshi hadi Nakuru, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kupanda kwenda nyanda za juu. Huko njiani gari lilipinduka kwenye tope, na doa kubwa la kona ya chini lilikuwa la siku hiyo. Mtoto pekee wa Mama Hesta alifia vitani, na Krismasi iliyopita mama huyo alikitoa kitabu kwa kanisa.

Wazee walikipokea kwa makofi, kisha wakabaki wakitazamana, maana hakuna aliyeweza kukisoma. Hata hivyo kila Jumapili baada ya ibada watu walipanga foleni kutazama picha zake: watakatifu kwenye moto, watakatifu mbele ya simba, meli ndogo kwenye mawimbi makubwa. Kurasa zikaanza kuchomoka. Ndipo Chepkurui, mkubwa wa akina mama wa kanisa, aliposema kwamba mgeni ukishamkaribisha huwezi kumwacha alale nje ya blanketi. Akina mama wakatoa ngozi tatu za mbuzi, zilizolainishwa vizuri kwa magome ya miwati, na mwalimu akatumwa Nakuru.

Shariff alizipapasa ngozi, akaona ni njema. Akaomba miezi miwili.

"Chukua hata tatu, fundi," Micah alisema. "Lakini hii kitabu isirudi ikiwa mpya. Irudi ikiwa yenyewe."

Shariff hakuwa amewahi kupewa agizo zuri kama hilo na mteja yeyote.

Katika nyumba ile jina la ufundi lilikuwa la Shariff, lakini aliyeshona alikuwa Hadiya. Mume alijua ngozi, mbao na gundi. Mke alijua uzi. Walikaa wawili kwenye chumba cha nyuma, mlango wazi kuelekea uani, wakakifungua kitabu kidogo kidogo kama watu wanaomvua nguo mgonjwa. Na kadiri walivyokifungua, ndivyo walivyozidi kumstaajabia mtu aliyekifunga.

Ilikuwa wazi kwamba jalada lile halikuwa la kwanza. Karatasi zilikuwa na matundu ya sindano ya aina mbili: ya zamani, makubwa, yaliyozibwa kwa vipande vidogo vya karatasi, na mengine mapya zaidi, madogo, yaliyopangwa kwa umbali uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, kurasa mia saba na zaidi. Hadiya alipima kwa uzi matundu kumi na mawili kati ya hayo, na yote yaliangukia palepale. Kamba tano zilizobeba mshono zilisokotwa kwa mkono. Ngozi ilikuwa imechongwa kingo hadi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ili ikunjwe juu ya ubao bila kuacha kinundu. Shariff alipitisha kidole gumba pale mara tatu. Yeye mwenyewe aliweza kuchonga ngozi hivyo siku akiwa na afya na kisu kipya. Huyu alikuwa amechonga hivyo kila upande, kila kona, hata mahali ambapo hakuna jicho lingefika.

"Huyu hakuwa na haraka," Hadiya alisema.

"Wala hakuwa akimfanyia anayemtazama," Shariff akajibu.

Siku ya tisa, kabla ya adhuhuri, walifika kwenye jalada la nyuma. Ndani ya ubao ilibandikwa karatasi nyeupe tupu, na ilibidi itoke ili kamba zibadilishwe. Shariff alilaza kitambaa chenye unyevu juu yake, akasubiri, akaanza kuinua kona kwa mfupa wa kukunjia karatasi. Karatasi ikaachia. Chini yake ilikuwapo karatasi nyingine, na juu ya hiyo mistari kumi na mmoja ya mwandiko.

Herufi zilikuwa za Kiarabu.

Kisha Shariff alivaa miwani yake, akainama, akasoma mstari wa juu: Bismillahi. Akaendelea, na mstari wa pili ukamtoka mikononi. Herufi alizijua zote. Zilikuwa na irabu juu na chini kama za kumfundishia mtoto, na nyingine ziliongezewa nukta, kama Waswahili wanavyofanya wakitaka kuandika pa na cha ambazo Mwarabu hana. Angeweza kutamka kila neno. Lakini halikuwa neno la Kiarabu, wala la Kiswahili, wala la lugha yoyote aliyoisikia bandarini akiwa mtoto. Katika mistari yote kumi na mmoja alielewa mambo matatu tu: ile bismillahi, mwaka wa 1246 wa Hijra, yaani zaidi ya karne moja iliyopita, na jina Abdulwasi bin Salihi.

Hadiya alisoma naye, akashindwa palepale.

Wasiwasi ukamwingia Shariff. Je, kama ni hirizi? Kama kuna mtu aliyeweka kombe, maandishi ya uganga, ndani ya kitabu cha Wakristo, kwa heri au kwa shari, na yeye Shariff Omari wa Bondeni ndiye anayelitoa hadharani katika mwaka ambao mtu anawekwa ndani kwa kipande cha karatasi asichoweza kukieleza? Ilikuwa rahisi kupaka gundi, kubandika karatasi mpya, na kuacha mambo yalale yalivyolala. Alimwambia mkewe hivyo.

Hadiya alikuwa bado ameuinamia ubao. "Tazama irabu alivyozipanga," alisema. "Mtu haweki irabu zote namna hii ila awe anataka asomwe. Ila hakutaka asomwe na aliyekuwa amesimama nyuma yake."

Shariff akaliweka kando kopo la gundi.

Micah alipokuja wiki iliyofuata kutazama kazi, walimwonyesha. Mwalimu aliketi, kofia magotini. Aliwafahamu wazee wake wa kanisa, hasa Mzee Kimutai, aliyekuwa hapendi hata tarumbeta la Jeshi la Wokovu. Shariff alimwambia waziwazi kwamba akitaka, karatasi itafunikwa leo na hakuna atakayejua. Micah alitikisa kichwa. Alisema kila Jumapili yeye husimama mbele ya watu akiwaambia wasifiche kitu, na sasa hangeweza kuwasomea hayo huku akijua kuna kitu alichokificha hatua mbili kutoka mimbarini. Badala yake akaomba asomewe, hata kama hakuna anayeelewa.

Shariff akasoma, polepole, akitamka kila irabu. Kwenye mstari wa tatu Micah aliinua mkono.

"Rudia hapo."

Shariff akarudia.

"Umesema 'buk'. Na hapo mbele umesema 'hant'." Micah alisimama. "Hiyo ni Kikaburu, fundi. 'Buk' ni kitabu. 'Hant' ni mkono. Nimeitwa kwa hayo maneno jikoni tangu nikiwa kijana."

Akajaribu kueleza mengine, akakwama. Maneno aliyoyajua yalikuwa ya maji, kuni, farasi na asante. Lakini yalitosha. Mtu fulani alikuwa ameandika Kikaburu kwa herufi za msahafu.

Alhamisi iliyofuata walipanda basi la Molo kwenda kwa Mama Hesta, watatu, Shariff, Hadiya na mwalimu, ubao umefungwa kwenye shuka na ukurasa wa mbele wa kitabu, wenye maandishi ya mkono, umelazwa kati ya vipande viwili vya kadibodi. Mvua ya masika ilikuwa imeanza. Walishuka barabarani wakapanda kwa miguu kati ya mashamba ya pareto, viatu vikibeba udongo mwekundu, hadi nyumba ya mawe yenye paa la mabati.

Mama Hesta alikuwa na miaka sabini na minne. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, akitambua mwanga na kivuli tu. Makaburu hawakuwa watu wa kumkalisha Mwafrika mezani, na yeye hakuwa amemkalisha Micah hata siku moja kwa miaka yote aliyomfahamu. Lakini ubao ulihitaji meza, na anayeusoma alihitaji kiti, na yeye mwenyewe alitaka kusikia kwa karibu. Hivyo wakajikuta wameketi wote wanne jikoni, kahawa ikichemka mekoni na paka akizunguka miguuni mwao.

Shariff alianza. Mama Hesta alikunja uso, akasema hapana, hiyo hakuna maana. Shariff akaanza tena, safari hii akivuta maneno. Mama aliuweka mkono wake mezani.

"Ngoja," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Soma tena. Pole pole kama yeye mtoto."

Akasoma kama mtoto. Mama Hesta akaanza kurudia kila neno kwa sauti ya chini, akilinyoosha kidogo, kama mtu anayenyoosha nguo iliyokunjamana mpaka ua lake lionekane. Kisha akasema ndiyo. Akasema ni Kikaburu cha zamani, cha jikoni, kama alichozungumza bibi yake. Na kipande kwa kipande, Shariff akitamka asichokielewa na mama akielewa asichoweza kukisoma, maneno yakatoka kwenye ubao. Micah aliyaandika kwa Kiswahili kwenye daftari la shule:

Jina langu ni Abdulwasi bin Salihi. Katika nyumba hii naitwa Septemba, kwa kuwa nilinunuliwa mwezi huo. Kitabu hiki kilikuja kwangu kimelowa na mgongo wake umeoza. Nimekishona kwa mkono wangu siku arobaini na moja, mwaka 1246. Bwana ameahidi mbele ya mashahidi kwamba siku kitabu kitakapokwisha, nami nitakwenda zangu. Sijui kama atatimiza. Maneno ya kitabu siyajui, lakini karatasi ni njema na nimeiheshimu. Kwenye kamba ya tatu nilikosea nikatengeneza, bwana hakuona. Wewe unayesoma haya umekifungua, basi wewe ni fundi. Salamu kwako. Nifunike tena vizuri.

Shariff aliitikia salamu ile kwa Kiarabu, kwa sauti, kabla hajajua kwamba ameitikia. Hadiya alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Mama Hesta alikuwa amegeuza uso kuelekea dirishani. Aliwaambia kwamba jina Septemba alilijua tangu utotoni. Liliandikwa kwenye ukurasa wa mbele, ule ambao ukoo wake uliandikia vizazi na vifo: kitabu hiki kimejalidiwa na Septemba wangu, mwaka 1831. Watoto walikuwa wakilicheka. Ni mtu gani anaitwa Septemba? Walitungia na wimbo.

"Mimi miaka sabini nasema Septemba," alisema. "Na yeye iko na jina. Iko na jina ya baba pia."

Hadiya ndiye aliyeuliza lililokuwa mioyoni mwa wote: kama yule bwana alitimiza. Mama Hesta hakujua. Akasema labda ukurasa wa mbele unajua, ila macho yake hayangeweza tena kuusoma. Micah akautoa kwenye kadibodi. Kiholanzi hakukijua, lakini herufi zake zilikuwa zilezile za shuleni, kwa hiyo akaanza kutaja herufi moja moja, na mama akaziunga kuwa maneno. Mtoto amezaliwa. Mtoto amekufa. Ng'ombe jike amenunuliwa, jambo ambalo halikustahili kuwa pale. Mtoto amezaliwa. Kisha mstari mfupi wa Februari 1832, wenye mwandiko wa hasira.

Mama Hesta aliposhika maana yake, alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Anasema, 'Septemba amekwenda. Hatamu zote zimekatika na hakuna mtu wa kushona.'" Akavuta pumzi. "Babu ya babu yangu ananung'unika. Basi ni kweli. Alikwenda."

Walikaa pale hadi kahawa ikaisha. Kabla hawajaondoka, Mama Hesta aliomba kalamu. Micah aliuongoza mkono wake hadi mahali pake, na pembeni mwa lile jina la mwezi, kwa mwandiko uliotetemeka na kupanda juu kama mtu anayekwea kilima, mama akaandika: Abdulwasi bin Salihi.

Habari za baraza la wazee Shariff alizipata baadaye kutoka kwa Micah. Mzee Kimutai alisema, kama ilivyotarajiwa, kwamba kitabu cha Kanisa hakiwezi kubeba bismillahi tumboni. Wengine wawili walimuunga mkono. Ndipo Chepkurui, ambaye kwa kawaida alisubiri wanaume wachoke, aliposimama. Alisema karatasi hiyo imekaa humo zaidi ya miaka mia moja na injili haijaharibika. Alisema mtu huyo aliuzwa kama ndama, akapewa kushona maneno ya dini isiyo yake, na hakupunguza hata uzi mmoja. "Sisi wenye dini yenyewe," alisema, "tumeshindwa kutunza hata vitabu vya nyimbo." Mzee Kimutai aliinamisha kichwa, kwa maana cha kwake kilikuwa hakina jalada tangu mwaka juzi. Kilichobaki ni swali moja. Mwandishi mwenyewe aliomba afunikwe tena. Je, wamfunike asionekane, au wamwache wazi kinyume cha neno lake? Wakaliacha kwa fundi.

Shariff alilifikiria swali hilo wiki nzima, huku kazi nyingine ikiendelea. Alipika gundi ya unga wa ngano na kuitia mrututu kidogo ili wadudu wasirudi. Aliziba njia za wadudu kwa vipande vya karatasi ya zamani. Hadiya alishona upya kwa uzi uliopakwa nta, akipitisha sindano kwenye matundu yaleyale ya Abdulwasi, bila kutoboa hata tundu moja jipya. Mara kwa mara alisimama, akanyoosha vidole, akasema kwamba mtu huyu anamfundisha kazi.

Na walilitafuta lile kosa. Walikuwa wamekifungua kitabu kwa mikono yao wenyewe bila kuona kasoro, na Shariff, mtu wa kizazi cha saba katika ufundi, alikuwa na hakika kwamba hakuna kosa lingempita. Walizikagua karatasi moja moja mahali pa kamba ya tatu kwa siku mbili. Hadiya ndiye aliyeliona mwishowe, karibu na katikati ya kitabu. Kwenye mkunjo mmoja sindano ilikuwa imepasua karatasi, mpasuko wa nusu ukucha, na aliyeipasua alikuwa ameuziba kwa nyuzinyuzi za karatasi ileile, akizifuma moja baada ya nyingine, hata jicho lisiweze kutofautisha. Ilibidi kuuweka ukurasa mbele ya jua ili kivuli kidogo kionekane. Shariff alivua miwani akaifuta, akatazama tena. Alimwambia mkewe kwamba maisha yake yote amejitahidi asikosee, na leo ameona kosa ambalo angejivunia kulifanya.

Kuhusu ule mwandiko alifanya hivi. Aliuacha kwenye ubao wake, palepale ulipoandikwa. Juu yake aliweka karatasi nyeupe ya zamani, ileile aliyoitoa, lakini hakuipaka gundi isipokuwa ukingo mmoja upande wa mgongo. Ikalala juu ya maneno na kuyafunika kabisa. Anayetaka kuyasoma angeinua karatasi hiyo kwa vidole viwili, na akiiachia, ingerudi yenyewe kumfunika Abdulwasi. Ngozi ya mbuzi ya akina mama aliitumia mgongoni tu, akaipaka rangi hadi ikakaribia ile ya ndama, lakini si kabisa, ili atakayefungua tena ajue wapi kazi moja inaishia na nyingine inaanzia. Kifungo cha pili cha shaba kilifuliwa na Dualeh, sonara Msomali wa mtaa wa pili, aliyekichonga kufuata kile cha kwanza hata kwa mkwaruzo wake.

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Juni kanisa la Sachangwan lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mama Hesta aliletwa na pikapu ya jirani, akapewa kiti cha mbele. Shariff alikuwa amekusudia kukaa nje hadi ibada imalizike, kwa heshima ya wenyeji na ya kofia yake, lakini baada ya wimbo wa mwisho Chepkurui alitoka akamshika mkono Hadiya kama dada yake, akawaingiza wote wawili.

Kitabu kilikuwa juu ya meza, kimefungwa, mbao zake zikiwa zimenyooka na shaba ikimetameta. Micah alikifungua nyuma, akainua karatasi. Shariff akasoma mstari mmoja kwa sauti yake ya chuo cha Kurani. Mama Hesta akausema kwa Kiswahili chake. Micah akautia katika Kikipsigis. Kisha mstari uliofuata. Nje walisikika kondoo wa jirani. Walipofika kwenye jina, mwalimu alilitamka mara mbili, na watu wakalitamka nyuma yake, kila mtu kwa ulimi wake, Abdulwasi, Abdulwasi, jinsi wanavyofanya mtoto anapotajwa jina kwa mara ya kwanza. Mzee Kimutai alilitamka pia. Alikuwa amesimama kando ya dirisha, kofia mkononi.

Shariff alitazama chini. Alihisi fahari ambayo hakuna daftari lililowahi kumpa, na haikuwa fahari yake mwenyewe, jambo lililomfurahisha zaidi.

Baada ya ibada watu walipanga foleni kama kawaida yao, ila siku hiyo hawakuangalia picha. Walitaka kuinua ile karatasi na kuiachia. Mwanamke mmoja aliuliza kama mtu huyo alioa. Mwingine alitaka kujua kama Siyu ni mbali kuliko Nairobi. Foleni ilipokwisha, Chepkurui alikuja kwa Shariff akiwa na kitabu chake cha nyimbo, kimefungwa kwa katani, jalada lake likiwa kipande cha boksi la sabuni. Alikiweka mkononi mwa fundi. Nyuma yake alikuwapo mwingine na Biblia isiyo na mwanzo, na nyuma ya huyo mwingine, na Mzee Kimutai mwishoni kabisa, akijifanya anamsindikiza mkewe.

Walirudi Nakuru kwa basi la saa tisa, Hadiya akiwa dirishani na magunia mawili ya vitabu yamewekwa juu ya miguu yao, vitabu thelathini na vinane kwa hesabu yake. Askari wa kizuizi cha barabarani alifungua gunia la kwanza, akachomoa kimoja, kikamwagika kurasa mkononi, akauliza hii ni takataka gani. Shariff alizikusanya kurasa moja moja, akazipanga, akazirudisha mahali pake.

"Ni kazi, afande," alisema.

Kesho yake, alfajiri ilipopita na mwanga kutosha mlangoni, Hadiya alitia nta kwenye uzi, naye Shariff akakikata kile kipande cha boksi la sabuni kutoka kwenye kitabu cha Chepkurui, akaanza.